Mzee Patasi, Fundi wa Kutuliza Chuma

Marehemu baba yetu, ambaye nyote mlimwita Mzee Patasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa kinyozi na mshona nguo. Alipomaliza darasa la saba, mjomba wake alimwingiza karakana ya zana, na humo hakutoka hadi alipostaafu mwaka 2013.

Alitengeneza patasi za kuvunjia zege na visu vya kukatia mabati, yaani vyuma vya kupokea vishindo kutwa nzima. Alivichoma hadi vikaiva rangi ya chungwa, akavizamisha kwenye mafuta, kisha kabla havijapoa kabisa akavirudisha kwenye tanuri la moto mdogo. Karakanani, kuvirudisha huko motoni ndiko kunakoitwa kutuliza. Chuma kisipotulizwa kinakuwa kigumu kwelikweli, lakini pigo moja tu, vipande.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Agosti 1978. Siku hiyo alichelewa, kwa kuwa kulikuwa na patasi hazijatulizwa. Mama alikuwa akicheka kila akisimulia: "Jamani, nimeolewa na mtu ananuka mafuta ya mashine!"

Nyumbani huo moto mdogo hakuuleta. Sisi tuliujua ule mkali tu.

Mwaka 1999 kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akifanya naye kazi, alisahau patasi nje ya tanuri. Asubuhi zikakutwa na nyufa. Baba alimzaba kofi mbele ya mafundi wote. "Toka! Sina mtoto kama wewe." Akatoka, akaenda kujifunza useremala. Baba hakulitaja jina lake tena, na Mama alikufa akimlilia. Inaniuma mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua Baba mwaka juzi. Kaka alipokuja hospitalini na mfuko wa machungwa, Baba aligeukia ukutani. "Nani kaita seremala? Kitanda hiki kizima." Wauguzi walicheka, wakidhani ni utani. Alifariki Jumanne alfajiri.

Leo asubuhi Baba mdogo aliniita pembeni: "Mwanangu, soma kwamba ameacha watoto wawili. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Usituaibishe mbele za watu."

Nimekusikia, Baba mdogo.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, wajukuu, na watoto watatu: mimi, mdogo wangu dereva, na kifungua mimba wake, yule aliyesimama kule getini kama mpita njia. Kaka, njoo mbele. Mpisheni, tafadhali, amzike baba yake.

Baba apumzike. Na sisi atuache tupumzike.