Dirisha Alilolitoboa Wekoye

Mgeni rasmi, Bwana Kemboi, mkurugenzi wa shirika lililotuletea kompyuta hizi mpya; chifu wetu; wazee, akina mama na majirani wote wa soko la Kimilili:

UKARIBISHO

Karibu sana. Tunajua umetoka Kitale asubuhi na Bungoma wanakungoja jioni, kwa hiyo hatutakuchosha. Kiti ulichokalia tulikichagua baada ya kubishana sana, na sababu yake tutaitaja mwishoni.

Risala hii iliandikwa na katibu wetu Nelima, Mama Viola kwa wengi wetu, naye ndiye angeisoma. Lakini jana wanachama waliongeza jambo moja ambalo alikataa katakata kuliandika. Alisema mgeni hasumbuliwi kwa mambo ya nyumba ya mtu. Ndiyo maana anayesoma ni mweka hazina, Chesang, na katibu amekaa kule nyuma, amekasirika kidogo. Atatusamehe.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza mwaka wa 2002 tukiwa na kamera moja ya video na kompyuta ya mezani iliyochoka, tuliyoinunua kwa ofisi moja ya Kitale iliyokuwa ikiitupa. Tulipiga picha za harusi na matanga kutoka Myanga mpaka huko juu mlimani. Nelima alizikata na kuziunganisha humu ndani, chumba kikiwa bado ghala la mahindi lisilo na dirisha hata moja.

Siku hizo, mgeni rasmi! Picha ilikuwa inakwama vibaya. Bibi harusi anainua mguu aingie kanisani, na mguu unabaki hewani mpaka chai yetu inapoa.

Wekoye, mumewe Nelima, fundi wa redio hapa sokoni, ndiye aliyesema kompyuta haina makosa, kinachoilemea ni kadi yake ya picha, ile mafundi huiita grafiksi kadi. Alikwenda Kitale akarudi na nyingine, imetumika lakini ina nguvu, ameifunga ndani ya sweta lake kama mtoto mchanga. Aliifungua kompyuta mezani, akapuliza vumbi, akachomoa kadi ya zamani, akaikandamiza hiyo nyingine mpaka ikalia ta! Tulipowasha, bibi harusi aliingia kanisani bila kusimama. Tulipiga vigelegele utadhani sisi ndio tuliooa.

Kwa furaha, Nelima alikaa akafuma kitambaa cha njano chenye maua ya kijani, akaifunika kompyuta mbele na nyuma. Unajua kwetu kitu cha heshima hufunikwa: viti, redio, hata chupa ya chai. Sote tulikisifu. Harusi ya watu wa Myanga ikiwa katikati, michirizi ya rangi ikajaa kwenye kioo na mashine ikazima. Wekoye akaja mbio, akaigusa, akavuta mkono haraka.

"Mama Viola, ati umeivalisha sweta? Si itapika bana!"

"Na wewe, kitu ya maana itakaa uchi aje na wageni wanakuja?"

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akasafisha feni ya kadi, akapaka upya krimu ya kupitisha joto, akaacha ubavu wa boksi wazi. Bado mchana ilizima, kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa tanuri. Basi akaja na patasi na nyundo, akatoboa ukuta upande wa mlima, na upepo wa Elgon ukaingia. Kitambaa hakikutupwa. Alikitundika dirishani kizuie vumbi, maana matundu yake hupitisha hewa. "Sasa kimepata kazi," alimwambia mkewe.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo mashine haijazima tena kwa joto. Harusi za wilaya hii zimepita humu, na siku za soko watu walijaa dirishani kutazama harusi za watu wasiowajua, wakikosoa hata keki. Tulikuwa maskini wa vifaa, lakini hatukukosa kicheko.

CHANGAMOTO

Umeme hupotea, viti havitoshi. Hayo umeyasikia katika kila risala.

Wekoye alipougua kifua, hakuweza tena kukaa ndani. Tulimwekea kiti nje, chini ya dirisha lake, aote jua. Nelima akifanya kazi ndani, walizungumza kupitia kile kitambaa. Mara kwa mara alipenyeza mkono, akagusa mgongo wa kompyuta, akasema, "Mama Viola, imepata joto. Ipumzishe kidogo. Na wewe pumzika."

Alituacha mwaka wa 2007. Tunamkumbuka sana. Mpaka leo katibu wetu hawashi chochote kabla ya kufungua dirisha hilo, na saa ya chai hukigeuza kiti chake kuelekea huko. Hatujawahi kumuuliza.

MAOMBI

Tunaomba viti, na mtu wa kutufundisha hizi kompyuta mpya. Hayo aliyaandika Nelima.

Hili ni letu. Ramani ya ukarabati iliyotoka ofisini kwako inaonyesha ukuta ule umejengwa mzima ili wezi wasiingie. Sababu ni nzuri, na hatubishi kwamba kompyuta ulizoleta zina feni zao na hazilihitaji dirisha. Anayelihitaji ni mwingine. Mafundi wa chuma wa soko hili wamekubali kutia vyuma vizito, bila malipo, wizi usipate njia. Tunakuomba, mgeni rasmi, usilizibe.

Na sasa kuhusu kiti chako. Tulikiweka hapo kwa sababu ndipo upepo wa dirisha hilo unapofika vizuri. Chumba kimejaa watu na jua ni kali. Kama hujatoa leso kujifuta jasho tangu tuanze kusoma, basi jua kwamba Wekoye naye amekukaribisha.

Mungu akulinde barabarani, akuzidishie afya, na nyumba yako isikose hewa njema.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Picha Hai, Kimilili.