Mia kwa Mia

Benchi la kinyozi, mkabala na lango la chuo cha uuguzi, halikosi watu wala kahawa. Jioni hiyo walikaa Kinyozi mwenyewe, Fundi Redio, na Mwalimu Dozi, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu kwa miaka kumi na tisa anafundisha wauguzi kupima dawa. Mwezi uliopita chuo kilileta kompyuta, somo lake lote likaingizwa humo, na sasa mkuu wa chuo anamtaka ofisini kesho saa mbili asubuhi.

— Wananifukuza, jamani. Darasa zima limepata mia kwa mia bila mimi!

— Si nilikwambia? akadakia Fundi Redio. Haba na haba hujaza kibaba! Leo imekula somo, kesho itakula sauti, keshokutwa itakalia kiti chako na kukohoa kama wewe.

— We nawe! akasema Kinyozi. Methali hiyo ni ya akiba.

— Ndiyo, akiba yenyewe ni mwalimu, na inaliwa kidogo kidogo!

Kinyozi akashusha sauti.

— Mimi nimesikia ukiitazama sana inakunyonya ubongo. Unafika nyumbani, hujui hata jina la mkeo.

— Wewe la mkeo ulilisahau kabla kompyuta hazijaja, akasema Fundi Redio.

Mwalimu Dozi hakucheka. Miaka hamsini na mbili, akaanze kazi gani?

Binti mmoja mwenye sare ya uuguzi akatoka langoni, akaja moja kwa moja.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba, binti. Hongera, nimeona mia yako.

Binti akainamisha kichwa.

— Mwalimu, ile mia si yangu. Ukikosea, kompyuta inasema jaribu tena. Basi mimi nabonyeza tu. Jibu la kwanza likikataa, nabonyeza la pili, la tatu, mpaka iseme hongera. Tunafanya hivyo darasa zima.

Akamtazama mwalimu usoni.

— Kesho naanza wodi ya watoto. Dozi ya kwanza ikiwa siyo, mwalimu, nifanyeje?

Mwalimu Dozi alikwishamsahau mkuu wa chuo.

— Mnaanza wangapi kesho?

— Wote, mwalimu.