Benigna Rupert Mbawala, Aliyetia Lugha ya Alama Ndani ya MP4

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani wa Mshangano, na ninyi wageni mliosafiri kutoka Tunduru, Namtumbo na Mbinga: haya ni maisha ya Benigna Rupert Mbawala, yakisomwa na mdogo wake wa mwisho, Aidan. Marehemu aliagiza mambo mawili kuhusu wasifu huu. Ugonjwa wake utajwe kwa jina, na yeye asifanywe malaika. Familia imetii yote mawili.

Benigna alizaliwa Madaba tarehe 3 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Rupert Mbawala, mkulima wa mahindi na mwashi, na mama yetu Kunegunda, ambaye amekaa hapa mbele. Alibatizwa mwaka huohuo katika parokia ya Madaba. Mama anasema mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kukataa. Akipewa uji asioutaka alifumba mdomo, akamkazia mama macho mpaka bakuli liondolewe.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Hakupata nafasi ya kuendelea. Mzee Rupert alimwekea jembe tayari. Benigna akaomba aende Songea mjini kujifunza kupiga chapa. "Baba, jembe nitalikuta," alisema. "Msimu wa kulima nitakuja. Lakini vidole hivi nimevitafutia na kazi nyingine." Mzee alinuna mwaka mzima. Benigna alikuja kulima kama alivyoahidi, akamaliza mafunzo yake mwaka 1994, akaajiriwa mjini kama mpiga chapa.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na marehemu Romanus Nyoni, fundi wa redio na televisheni. Mwaka 2003 walifungua duka lao karibu na soko, mjini Songea. Benigna alipiga chapa na kutoa kopi upande mmoja, Romanus alikaa na pasi yake ya kuchomea waya upande wa pili. Zilipoingia zile MP4, vile vidude vya kiganjani vyenye kioo kidogo na waya wa masikioni, watu walianza kuleta CD za harusi na ngoma wawekewe humo. Vidude vile havikukubali video yoyote tu. Ukiinakili ilivyo, kioo kilikataa kuionyesha. Ilibidi kwanza igeuzwe kwenye kompyuta, picha ipunguzwe, faili libadilishwe liwe la aina ambayo kidude kile kinaielewa, na kila kidude kilikuwa na yake. Romanus hakuwa na subira hiyo. Benigna alikuwa nayo, na kazi hiyo ikawa yake.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Hilda, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1999. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini hakusikia tena. Mwaka 2006 alipelekwa shule ya bweni ya viziwi nje ya mkoa. Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa na maneno mengi mikononi, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuyaelewa. Benigna aliumia sana. Alimkalisha Hilda kwenye ngazi ya mlango, akamwonyesha sufuria, akamwonyesha kuku, akamwonyesha mvua, na kwa kila kitu Hilda akampa alama yake. Likizo baada ya likizo mtoto alimfundisha mama yake kuongea.

Romanus alifariki kwa ajali ya barabarani mwezi Agosti mwaka 2009. Siku ya kuanua matanga, kaka mkubwa wa Romanus, Calvin Nyoni, alisema mbele ya ukoo kwamba duka lifungwe, vifaa vigawanywe kwa ndugu, na Hilda aachishwe shule apelekwe kijijini akasaidie kupika na kuchunga mbuzi, kwa kuwa kumsomesha bubu ni kujichosha bure.

Benigna alikuwa mkekani na kitambaa cheusi kichwani. Akasimama.

"Shemeji, shikamoo," alisema. "Makochi chukueni. Kitanda chukueni, pikipiki chukueni. Kompyuta hamgusi, na mtoto hamgusi. Na tena Hilda si bubu. Anaongea kutwa nzima, ninyi ndio hamsikii."

"Unatutisha?" Calvin aliuliza.

"Nawaambia."

Makochi yalichukuliwa, na kitanda, na pikipiki. Kompyuta ilibaki. Hilda alirudi shuleni muhula ulipofunguliwa. Lakini Benigna alisusiwa na ukoo wa mumewe kwa miaka mingi, na hata kwenye misa za kumwombea Romanus alikaa benchi la peke yake, shingo imenyooka. Sisi ndugu zake tulimwambia apunguze makali. Alijibu kwamba akipunguza watamla.

Jambo lililowaleta wengi wenu hapa lilianza mwaka 2012. Bi Mwanahawa Bakili wa Namasakata, kule Tunduru, alikuwa amekuja Songea kwenye harusi ya mdogo wake, Muhsini. Alileta CD dukani iwekwe kwenye MP4, awaonyeshe watu wa nyumbani, kwa sababu kijijini kwao hapakuwa na umeme. Hilda alikuwa likizo. Yeye na mama yake walikuwa wakirushiana mikono nyuma ya meza, Hilda anacheka. Bi Mwanahawa ametuomba tuyasome mazungumzo yao kama yalivyokuwa.

"Dada, huyu mtoto hasikii?"

"Hasikii."

"Sasa hapo unamwambia nini?"

"Namwambia akaoshe vyombo. Yeye anasema leo ni zamu yangu."

"Anakubishia?"

"Huyu? Sana."

Bi Mwanahawa alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kulia. "Wallahi dada, mimi wangu hajawahi kunibishia. Zulfa ana miaka saba. Namvuta, namsukuma, sijui anachotaka, naye hajui ninachosema." Akafuta uso kwa ncha ya ushungi. "Niwekee na hayo."

"Yapi?"

"Hayo ya mikono. Humuhumu, pamoja na harusi ya Muhsini. Nitatazama nyumbani mpaka niyajue."

Basi lake lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Benigna aliazima kamera ndogo ya kwaya, akamsimamisha Hilda mbele ya pazia la duka, wakarekodi maneno ya kwanza: mama, baba, maji, njaa, naumwa, wapi, sitaki. Alipoigeuza video ile na kuiweka kwenye MP4, vidole vya Hilda vilikuwa ukungu mtupu. Harusini hakuna anayejali picha ikirukaruka, ilimradi bibi harusi aonekane. Katika lugha ya alama, kidole kikipotea neno nalo limepotea. Benigna akaing'oa video na kuanza upya. Pazia lilikuwa na maua mengi, na maua yale yalikuwa yanakula nafasi ya vidole ndani ya faili, hivyo akalishusha na kutundika shuka la rangi moja. Akasogeza kamera mpaka uso na mikono ya Hilda vikajaa kioo. Akamwambia afanye polepole, kisha yeye mwenyewe akataja kila neno kwa sauti, kwa ajili ya mama ambaye hakuwahi kusoma. Vidole vikaonekana. Lakini sasa faili lilikuwa kubwa, na kidude kile nafasi yake ilikuwa ndogo.

"Itabidi nikate harusi," Benigna alisema.

"Kata," alijibu Bi Mwanahawa. "Muhsini atanisamehe."

Bwana Muhsini yuko hapa leo. Harusi yake ilifika Namasakata bila keki na bila hotuba ya baba mkwe, na anasema amesamehe.

Korosho zilipokwisha kuvunwa, Bi Mwanahawa alirudi Songea. Safari hii alikuja na Zulfa. Hakusalimia. Alimsimamisha binti mlangoni, akasubiri. Zulfa alimtazama mama yake, akainua mkono, akamwita.

"Umeona?" Bi Mwanahawa alimwambia Benigna. "Miaka saba watu wote wananiita mama Zulfa, isipokuwa Zulfa."

Tangu hapo duka lile halikuwa tena duka la harusi. Kila likizo Hilda alisimama mbele ya shuka, na Benigna akageuza masomo yale yachezwe kwenye kila aina ya kidude kilicholetwa: MP4, simu za vitochi zenye kioo cha rangi, na vile vipleya vya kukunja vya kutazamia CD. Wazazi walitoka Mbinga, Namtumbo, Nyasa. Wengine walikuja wakiona aibu, wamemficha mtoto nyuma ya kanga. Benigna hakuwavumilia. "Mtoe mbele," aliwaambia, "anataka kuona." Kuna waliomwona mkali, nao hawakukosea. Aliwahi kumfukuza dukani mzee aliyemwita mtoto wake nusu mtu, akamrudishia na CD yake. Simu kubwa zilipoenea, vijana wa mjini walimcheka kwamba bado anahangaika na vidude vya kizamani wakati kila kitu kiko mtandaoni. Aliwaambia waende Namasakata, wapande juu ya kichuguu kutafuta mtandao, kisha warudi kumsimulia.

Mwaka 2019 Calvin Nyoni alisimama kwenye mlango wa duka hilo. Mjukuu wake wa kike alikuwa amezaliwa haisikii dunia. Ameturuhusu kusema haya, na ametaka tumtaje kwa jina.

"Shemeji, nimekuja kuomba yale ya mikono," alisema.

Benigna hakuinua macho kwenye kompyuta. "Mwalimu yule pale," akajibu. "Mwombe yeye."

Hilda hakumrahisishia. Alimfundisha kwanza namna ya kuomba samahani, akamrudisha mara kadhaa mpaka vidole vikanyooka, ndipo akamfundisha mengine. Jumapili iliyofuata Calvin alikwenda kukaa kwenye lile benchi la Benigna kanisani. Benigna akasogea kumpa nafasi.

Mwezi Februari 2023 Benigna alianza kutokwa damu. Alipimwa, akakutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa Dar es Salaam kwa mionzi, akapata nafuu, akarudi dukani. Mwishoni mwa mwaka 2024 ugonjwa ulirudi na nguvu mpya. Mdogo wake, Ida, alimwuguza hapa Mshangano, na kwa Ida ndiko alikoacha agizo lake: "Mkisoma kwamba aliugua kwa muda mrefu, mkaishia hapo, nitainuka kwenye jeneza niwasahihishe. Semeni saratani. Semeni ya wapi. Halafu waambieni wanawake waliokuja kula wali wangu waende wakapime, waache kuona haya." Akina mama, tumesema. Nendeni.

Kitandani aliomba kompyuta iwekwe kwenye stuli kando yake. Akaendelea kugeuza masomo, akipumzika katikati, akimfokea Ida aliyetaka kuizima. Alitutoka nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, akiwa na miaka hamsini na mmoja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hilda. Neno lake la mwisho hatukulisikia. Alilitamka kwenye kiganja cha binti yake, na Hilda amesema hilo ni lake, hatalitafsiri.

Marehemu ameacha mama yake, Kunegunda. Binti yake, Hilda Nyoni, ambaye sasa ni mwalimu wa watoto viziwi. Wadogo zake Ida na Aidan. Shemeji Calvin na ukoo wa Nyoni. Na Zulfa, fundi cherehani wa Tunduru, aliyeishona sanda hii nyeupe aliyovaa marehemu. Ameacha pia watoto tusioweza kuwataja wote, wanaoitana, wanaogombana na wanaowabishia mama zao katika vijiji vya mkoa huu. Mauti hayakuyapata maneno hayo ya mikono. Yamempata Benigna peke yake, na maneno yale alikwisha kuyaacha nyuma.

Bwana alitoa, na tuliyempokea alikuwa moto. Tunamrudisha bila kumpunguza. Benigna, dada yetu, pumzika sasa kwa amani. Vyombo tutaosha sisi.