Mtu wa Kabuti Katika Njia ya Baba Dogo

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, ndugu zangu, maana mimi ninayesimama hapa asubuhi hii niliombewa kifo na wamama wa kanisa hili, na mimi mwenyewe nikaitikia Amina.

Tulieni, nitaeleza. Mnanijua, mimi ni Mama Njeri wa Kariobangi. Mnanijua kwa mdomo zaidi. Mnasema, "Huyo mama haogopi mtu." Mlidanganywa! Miaka miwili mizima niliogopa kuliko kuku aliyeona mwewe, na woga wangu ukamvunja dada yangu mguu, tena ukabakisha kidogo tu umwage damu ya mtu asiye na hatia.

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto watatu na kabuti. Alikuwa mlinzi wa usiku, na lile kabuti la kaki lilikuwa zito, linafika karibu na buti. Nikapata kazi katika kiwanda cha soksi huko Baba Dogo. Zamu ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na geti likifungwa limefungwa. Ukichelewa mara tatu, usirudi tena. Kwa basi ilikuwa lazima uende mjini kwanza ndipo upande jingine, kwa hiyo sisi wa Kariobangi tulikata kwa miguu, kila mtu kwa saa yake. Unatoka nyumbani saa kumi na moja, unapita machimbo ya mawe, unavuka mto kwa daraja la mbao, unapanda katikati ya vichaka kuelekea Lucky Summer, halafu Baba Dogo. Mchana ni njia kama njia nyingine. Alfajiri huoni hata mkono wako.

Mwezi wangu wa pili kazini, msichana mmoja wa mashine iliyokuwa karibu na yangu alikamatwa pale darajani. Walimnyang'anya mkoba na viatu, na mengine siwezi kuyasema hapa mbele ya watoto. Hakurudi kazini. Kiti chake kilikaa wazi siku nyingi.

Nifanye nini, ndugu zangu? Nikiacha kazi, watoto watakula nini? Nimwombe nani anisindikize? Wakati ule kila mtu mtaani alikuwa amehamia juzi, kila mlango na kufuli lake. Nikafungua sanduku, nikatoa kabuti.

Nililivaa! Buti za marehemu nikazijaza matambara kwenye vidole. Kofia yake ya sufu nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Nikajifunza kutembea kama yeye, mguu mzito, na kukohoa kama yeye. Mume wangu alikuwa na kikohozi cha tumbaku, kile kinachotoka chini kabisa, sisi nyumbani tukikisikia tunajua Baba Njeri amerudi. Nilikifanyia mazoezi nyumbani mpaka mtoto wangu mdogo akaamka akaita, "Baba!" Hapo ndipo ningepaswa kuacha. Sikuacha.

Nikikaribia kiwanda nilijibanza nyuma ya ukuta, nikavua, nikakunja kila kitu ndani ya kiondo, nikaingia getini na gauni langu na kitambaa kichwani. Jioni tulirudi wengi, jua lingali juu. Hakuna aliyejua.

Je, woga uliisha? Haukuisha! Uliingia ndani ya kabuti pamoja nami. Chura akitumbukia mtoni, moyo unaruka. Jani likitikisika, nachutama. Nilikuwa nimeokoka, niko kwaya, lakini katika njia ile sikuwa naomba. Nilikuwa nakohoa.

Basi msimu mmoja wa baridi, ukungu umejaa, nikaona mwanamke mbele yangu pale machimboni, amejifunika shuka, amebeba mzigo kichwani. Nilifurahi jamani! Nimepata mtu! Lakini sikumwita. Nilisema, kama kuna mwizi kichakani, akisikia sauti yangu atajua kwamba huyu wa kabuti ni mwanamke. Nikamfuata tu, hatua kama ishirini hivi, mpaka tukavuka mto. Siku ya pili nikamfuata tena. Siku ya tatu nilifika mapema, nikasimama gizani kumngoja apite, ndipo nikatoka nyuma yake. Nikakohoa kidogo ili ajue hayuko peke yake. Mnacheka, lakini mimi niliona namfanyia wema!

Siku ya nne akaongeza mwendo. Nikaongeza. Akaanza kukimbia. Nikajiuliza, ameona nini huyu? Lazima kuna mtu nyuma yetu! Nikatoka mbio na mimi, buti zinagonga mawe, nywele zimenisimama. Pale darajani nikasikia mlio wa debe likianguka, halafu mwanamke akapiga yowe.

Nikasema, wamemshika. Na mimi nilifanya nini? Niligeuka. Nikaingia vichakani, nikavuka mto mahali pengine, maji yakijaa kwenye buti, nikafika kazini, nikakaa kwenye mashine yangu. Nilimwacha mwanamke analia gizani. Hilo ndilo kosa langu, na leo silipaki rangi.

Jumapili, baada ya ibada, wamama tulikwenda kumtazama mgonjwa, na Mama Rebeka, kiongozi wetu wa maombi, akatutangulia. Kuingia ndani namwona Dada Loise, huyu aliyekaa pale safu ya tatu, mguu umefungwa plasta mpaka gotini. Alikuwa ameanza biashara wiki ileile, kuwauzia uji wafanyakazi kwenye mageti ya Baba Dogo. Mimi sikuwa na habari.

"Ni mwanamume," Loise akatuambia. "Mrefu, wa kabuti. Nilianguka darajani nikimkimbia. Ananingojanga pale machimboni. Halafu anakohoa." Akakiiga kile kikohozi.

Kikombe cha chai kikaniponyoka. Wamama wakadhani ni huruma.

"Hata mimi nimemwona!" mmoja akasema. Mwingine akasema ana rungu. Mwingine, aliyedai alimwona kwa karibu, akasema ana ndevu. Ndugu zangu, ndevu! Kisha Mama Rebeka akainua mikono: "Bwana, huyo mtu wa kabuti, umwondoe katika nchi ya walio hai!" Wote wakasema Amina. Na mimi nikasema Amina.

Tulipokuwa tukitoka, mume wa Loise, Baba Kamau fundi wa mabati, akatusimamisha mlangoni. "Msiwe na wasiwasi, wamama. Tumeongea na wanaume wa hapa. Kesho alfajiri tutakuwa pale machimboni. Akipita mwenye kabuti, harudi." Nyinyi ni watu wa Istlandi, sina haja ya kuwaeleza maana yake: ni mawe mpaka afe.

Nilikwenda nyumbani nikiwaza neno moja: nilichome kabuti, ninyamaze. Nani atajua? Nikalitoa nje, nikalimwagia mafuta ya taa, nikashika kiberiti. Hapo nikamkumbuka Mzee Mutua.

Mzee Mutua ni jirani yangu wa ploti, mlinzi wa usiku kule Baba Dogo. Kila alfajiri anarudi nyumbani kwa njia ileile, na kabuti lake. Mara nyingi tulipishana darajani, kabuti kwa kabuti, akaniambia, "Habari ya lindo, ndugu?" nami nikamjibu kwa kikohozi. Nikichoma langu, litabaki lake. Na ile ndiyo saa yake ya kupita.

Nikaenda kwa Baba Kamau niseme ukweli. Nikafika mlangoni, nikamsikia ndani akinoa panga. Nikarudi. Nimwonye Mzee Mutua? Alikuwa ameshaondoka kwenda lindoni, na giza lilikuwa limeingia, na bila kabuti sikuthubutu kuikanyaga ile njia. Mnaona mahali woga ulikuwa umenifikisha?

Nikapiga magoti kando ya kitanda cha watoto. Sikuona nuru, ndugu zangu, wala sikusikia sauti. Nilisema tu, "Bwana, naogopa. Naogopa njia, naogopa panga, naogopa watu wataniita nini. Nimechoka kuogopa. Twende wote." Hayo tu. Nililia mpaka nikalala.

Saa kumi na moja kasorobo nikatoka na gauni langu, leso mabegani, kabuti nimelibeba mikononi likinuka mafuta ya taa. Nikafungua kinywa nikaanza kuimba wimbo wa sifa kwa sauti yangu mwenyewe, kwa nguvu zote. Miaka miwili njia ile haikuwa imesikia sauti yangu!

"Simama hapo! Wewe nani?" Tochi ikanipiga machoni. Walikuwa kama wanane, mawe mikononi.

"Ni Mama Njeri."

"Mathe, rudi nyumbani," kijana mmoja akasema. "Leo hapa kuna kazi."

"Mtu mnayemngoja ni mimi."

Wakacheka. Nikawaonyesha kabuti. Kicheko kikakatika, na Baba Kamau akanijia, panga mkononi. "La nani hili? Unamficha nani? Taja jina lake!"

"Ni la marehemu mume wangu. Nalivaa mimi. Nilikuwa namfuata Loise kwa sababu naogopa kutembea peke yangu."

"Mwongo wewe! Mke wangu alisikia mwanamume!"

Nikakohoa.

Baba Kamau akasogea karibu. "Kohoa tena," akasema. Nikakohoa tena. Panga likashuka taratibu.

Na wakati uleule, upande wa daraja, tukasikia buti. Mtu wa kabuti akatokea katika ukungu. Wale waliokaa mbali hawakuwa wamesikia maneno yetu, na mikono yenye mawe ikainuka. Nilikimbia, ndugu zangu! Mimi ambaye nilikuwa nimegeuka siku ile, nilikimbia kwenda mbele, nikasimama mbele yake nimenyoosha mikono, nikapiga kelele, "Ni Mzee Mutua! Msimpige! Ni Mzee Mutua!"

Yule mzee akavua kofia akatutazama. "Kwema jamani?" akauliza. "Mbona mmeamka mapema hivi?"

Mawe yakaanguka chini, moja moja. Baba Kamau akakaa kwenye jiwe, akashika kichwa akalia. Mzee Mutua hakuelewa kitu, akawa anampigapiga begani akimpa pole ya mguu wa mke wake.

Kulipopambazuka nilikwenda kwa Loise, nikamweleza yote.

"Uliniacha pale," akasema.

"Nilikuacha. Nisamehe, dada."

Akanisogezea kigoda nikae. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau mpaka kaburini. "Mama Njeri, kila asubuhi nikitoka nyumbani nilikuwa naomba, Mungu nipe mtu mmoja tu wa kutembea naye. Kumbe alikuwa amenipa, na tukaogopana."

Tulishikana tukalia kama watoto. Mpaka mguu wake ulipopona, debe la uji nililibeba mimi, alfajiri kwa alfajiri. Kabuti tulilifua, tukalikata, na kipande kimoja mpaka leo kinafunika lile debe uji usipoe. Leo tuko wamama kumi na mmoja katika njia ile. Tunapitiana mlango kwa mlango, tunaimba, hata vijana wabaya wamechoka na sauti zetu. Woga bado hunibishia hodi siku moja moja, lakini haunikuti peke yangu.

Namshukuru Mungu aliyekataa ile Amina yangu! Na wewe dada unayetoka kesho gizani, umekaza roho, hujamwambia mtu, mtegemee Bwana, halafu fungua kinywa umwite aliye mbele yako kwa jina. Tunaanzia kwangu saa kumi na moja kamili. Gonga mlango. Ukisikia mtu anakohoa ndani, usikimbie. Ni mimi.