Ngozi ya Ndama Kwenye Kamba ya Nguo

Benchi la Nuh ni mlango. Mafuriko ya El Nino yaliuleta Garsen, hakuna aliyejua umetoka nyumba gani, na maji yalipoondoka Nuh akaulaza juu ya matofali mbele ya jiko lake la kahawa. Bawaba moja ingali pale, na kila mgeni hukwaruzwa nayo mara moja, halafu si mgeni tena. Hukaa hapo Mzee Komora, mkulima wa Golbanti, tunayemwita Jaji kwa kuwa hakuna kesi ya mtu isiyomhusu. Hukaa Kiti, aliyewahi kufanya kazi kwenye hoteli moja ya Malindi, tunayemwita Dobi. Nuh husimama, dele la kahawa mkononi, kwa sababu anasema mwenye kahawa akikaa wateja husinzia. Alasiri hiyo alikuwepo pia Jarso, kijana wa Kiorma ambaye kwa kawaida hupita tu, nyuma ya ng'ombe. Safari hii hakuwa na ng'ombe. Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya duka lililofungwa, mkewe Mwanasiti alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, ndani ya buibui, akisubiri basi la Witu.

Kiti: Jarso, mkeo anasafiri?

Jarso: Anaenda kwao Kipini. Kupumzika.

Komora: Nani amesema apumzike?

Jarso: Mama.

Kupumzika huku kwetu kunajulikana. Wako wanawake waliopelekwa kwao kupumzika wakapumzika mpaka wakaolewa kwingine.

Kiti: Amekosa nini?

Jarso: Amefua.

Komora: Amefua nini?

Jarso: Amefua kila kitu. Amefua mpaka ngozi.

Nuh: Ngozi gani? Eleza vizuri, kijana. Hawa wawili wanajua mahindi tu.

Jarso: Sisi ndama akifa, ngozi hatutupi. Ng'ombe wetu bila mtoto wake anafunga maziwa. Haachilii hata tone. Basi tunakausha ngozi ya ndama, tunamwekea mbele wakati wa kukamua. Ananusa, analamba, anajua mtoto yuko hapa. Maziwa yanashuka.

Komora: Mnamdanganya.

Jarso: Tunamtuliza. Sasa sisi baada ya yale maji na ugonjwa tumebaki na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Dima, yule mwekundu. Ndama wake akafa. Ngozi ikawa inaning'inia juu ya ua. Jumamosi mama alienda kumtazama mgonjwa Tarasaa. Mwanasiti akakusanya nguo za boma zima.

Kiti: Na ngozi ikiwemo.

Jarso: Kwao Kipini kitu kikinuka kinafuliwa. Akailoweka kwa sabuni ya unga. Akaisugua kwa gunzi la hindi. Akaisuuza, akaianika kwenye kamba, katikati ya kikoi changu na shuka ya mama. Ilipokauka akaifukiza udi.

Kiti: Udi juu yake? Hiyo ni kazi safi.

Komora: Dobi, kuna mtu anaachika hapa.

Kiti: Nasema kazi tu, Jaji. Hukumu ni yako.

Jarso: Jioni mama akarudi. Akamwekea Dima ngozi. Dima akanusa, akapiga chafya, akapiga teke kibuyu. Tangu siku hiyo hakuna maziwa. Dada yangu ana watoto mapacha, wanakunywa chai ya rangi. Mama anasema mke aliyemfuta ndama kwenye ngozi, kesho atafuta nini?

Mwanasiti alikuwa akitazama upande basi linakotokea. Mikono yake, tulivyoiona kutoka pale, ilikuwa imekunjwa juu ya magoti.

Komora: Mbona hukai naye pale?

Jarso: Nikikaa nitamwambia nini?

Komora: Haya. Kunywa kahawa. Jambo hili lina dawa. Nyinyi hamjui kufua kulivyokuwa zamani. Mama yangu alifulia ndani ya mtumbwi.

Kiti: Mtoni?

Komora: Ufukweni. Mtumbwi mbovu umevutwa juu. Jioni wanawake wanaujaza maji ya Tana, mekundu kama matofali. Usiku tope linatulia chini. Asubuhi wanachota ya juu, taratibu, wanafua. Ukitia mguu kabla hawajachota, unachapwa na wanawake wa Golbanti wote, kwa zamu.

Nuh: Sabuni?

Komora: Majivu ya maganda ya ndizi. Yanachujwa, maji yake yanateleza kama mafuta.

Nuh: Na nguo zinakuwa nyeupe?

Komora: Zinakuwa rangi ya chai. Wote tulikuwa rangi ya chai, hakuna wa kumcheka mwenzake. Nyeupe ilikuwa kanzu ya mchungaji wa kanisa peke yake, na yeye alikuwa akikinga maji ya mvua.

Kiti: Na mamba je, wakati wa kuchota?

Komora: Kulikuwa na ua wa miti majini. Na mtoto mmoja anapewa ufito apige maji asiache. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga.

Kiti: Mamba wakakuogopa?

Komora: Hawakuja.

Nuh: Walikuwa wameshiba.

Komora: Acheni nimalize. Nilichojifunza pale ni kwamba uchafu haupotei, unahama. Ukitoka kwenye nguo umeingia kwenye maji. Jarso, yale maji ya kuloweka ngozi yalimwagwa wapi?

Jarso: Chini ya mpapai.

Komora: Basi ndama yuko chini ya mpapai. Chimba ule udongo, upakaze ngozi, mpe Dima. Kesi imekwisha.

Kiti: Maji hayohayo yalifua kikoi cha Jarso. Na shuka ya mama yake. Dima atakuta ndama ananuka Jarso.

Komora: Atazoea.

Jarso alitazama ndani ya kikombe. Nuh akamwongeza bila kuulizwa.

Kiti: Mzee Komora, hayo ni mambo ya mtumbwini. Hotelini tulichemsha. Mashuka yanaingia kwenye pipa, moto chini, mtu anakoroga kwa mti kama anapika sima ya harusi. Halafu maji safi, halafu bluu, halafu wanga wa muhogo. Halafu pasi ya makaa. Shuka ikitoka pale ukiisimamisha inasimama.

Nuh: Wewe ulikuwa ukipiga pasi?

Kiti: Nilikuwa upande wa pasi.

Nuh: Ukifanya nini?

Kiti: Kupepea makaa. Lakini anayepepea ndiye anayeona. Sikiliza, Jarso. Meneja wetu alikuwa mtu wa jasho. Shati lake tulilichemsha, tukalitia bluu, likang'aa. Linanukia sabuni tu. Lakini pasi ikiligusa kwapani, meneja mwenyewe anatokea. Utadhani ameingia chumbani. Tulikuwa tukisimama wima.

Komora: Kwa hivyo?

Kiti: Kwa hivyo harufu imelala ndani, inangoja joto. Chukua pasi ya makaa, nyunyizia ile ngozi maji kidogo, ipige pasi mbele ya ng'ombe. Ndama atatokea.

Jarso: Nimpigie pasi ng'ombe?

Kiti: Si ng'ombe. Ndama.

Komora: Itaungua, kijana atakosa ngozi na mke siku moja.

Kiti: Weka kitambaa juu. Hata hotelini tuliweka kitambaa.

Nuh aliweka dele chini, jambo asilolifanya ovyo.

Nuh: Nyote wawili mnamrudisha ndama nyuma. Ndama hawezi kurudi, ameshafuliwa. Mleteni ng'ombe mbele.

Komora: Mbele wapi?

Nuh: Mama yangu alikuwa akifua nguo zetu zote kwa siku moja, sabuni moja, karai moja. Tulikuwa watoto wengi. Mmoja akinuka, wote tunanuka; mmoja akinukia, wote tunanukia. Hata gizani ukimgusa mtu unajua huyu ni wa kwetu. Sasa Dima amemkataa ndama kwa nini? Kwa sababu ndama ananukia na yeye hanukii. Mfueni Dima.

Kiti: Mfue ng'ombe?

Nuh: Sabuni ileile ya unga. Gunzi lilelile. Msuuzeni, mwacheni juani, mfukizeni udi. Akijinusa atasema, huyu ni mimi. Akinusa ngozi atasema, na huyu ni wangu.

Kiti: Utamwanika kwenye kamba gani?

Nuh: Anajianika mwenyewe. Ana miguu.

Komora: Na maziwa yatakayotoka, yatakuwa na povu la sabuni au la kawaida?

Kiti alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye goti. Hata Jarso midomo ilimcheza. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, ikaacha kucheza.

Kule mbali vumbi lilikuwa limeanza kusimama juu ya barabara ya Malindi.

Wakati huo dereva mmoja alikuwa amesimama pembeni yetu na kikombe. Alikuwa Mgiriama wa makamo aitwaye Mwaringa. Lori lake la maembe lilikuwa limechemka, akaliacha lipoe, akaja kunywa kahawa na kujikwaruza kwenye bawaba kama ilivyo desturi. Alikuwa amesikiliza tangu kwenye pasi.

Mwaringa: Samahani, wazee. Mimi mpita njia. Naweza kuuliza?

Komora: Uliza. Hapa hata mpita njia ana sauti.

Mwaringa: Yule bibi alipofika kwenu, nani alimwambia kwamba ile ngozi ni ndama?

Kiti alimtazama Komora, kwa kuwa maswali ya namna hiyo ni ya Jaji. Komora aliinua kikombe akanywa, nacho kilikuwa kitupu tangu zamani. Nuh alilitikisa dele, akasikiliza ndani yake, akalirudisha jikoni.

Jarso: Mama alidhani mimi nimemwambia.

Mwaringa: Na wewe ulidhani nani?

Jarso alikaa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, na jua lilikuwa kali vile. Basi likaingia, limejaa vumbi hadi kwenye vioo, askari wa kulilinda na majambazi wa njiani wakaruka chini kunyoosha miguu, dereva akazima injini. Kondakta akaanza kuita Witu, Witu, Kipini shukia Witu.

Jarso akaweka kikombe juu ya mlango wa Nuh, akavuka.

Hakukaa. Alichuchumaa mbele ya Mwanasiti, mbele ya sanduku, palepale kwenye vumbi. Mwanzo tuliona mgongo wake tu. Kisha tukaona mikono. Alikuwa akichora kitu hewani, kirefu kiasi cha mbuzi, akakilaza chini, akakipapasa. Akanyoosha shingo yake mwenyewe, akanusa, akatoa ulimi akalamba hewa. Halafu vidole vyake vikaanza kukamua, mkono huu, mkono ule, polepole.

Kiti: Anafanya nini yule?

Nuh: Nyamaza.

Mwanasiti alikuwa ameshusha buibui kutoka usoni. Alitazama mikono ile kama anavyotazamwa mtu anayesoma barua kwa sauti. Mkono wake mmoja ulipanda ukafunika mdomo, ukabaki hapo.

Kondakta akafika, akainama, akashika mpini wa sanduku.

— Mama, hili linapanda?

Mwanasiti hakuinuka, na sanduku haliwezi kupanda likiwa limekaliwa. Kondakta akarudia, safari hii kwa sauti ya kondakta. Mwanasiti aliinua kiganja kumzuia, bila kugeuza kichwa. Injini ilikuwa imezimwa, barabara ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tulisikia sauti yake, sauti ya Kipini, taratibu, ikimwuliza mumewe:

— Na kichwa? Kichwa cha ngozi huwekwa upande upi, wa mkamuaji au wa mamake?