Wimbo wa Dobi wa Malkia

Mbele yangu basini waliketi mwongozaji wa filamu na mwimbaji mmoja wa kike. Nilifundishwa kwamba kusikiliza ya watu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nilitazama dirishani, nikasikiliza kwa masikio tu.

"Dada, nielewe," alisema mwongozaji. "Jukwaani, wimbo wako wa dobi ulitungwa ili Malkia apate nafasi ya kubadili gauni nyuma ya pazia. Sasa mchezo tunaugeuza filamu; nakata picha tu, ikirudi keshabadili."

"Kumbe miaka tisa nawazuga watu ili mwenzangu afunge vifungo?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, kaka, tena bila haya! Wimbo wenyewe ninao huo mmoja. Ukiutoa, nabaki kupita na kapu la nguo kama mtu aliyepotea njia."

"Kapu tutalipiga picha vizuri."

"Basi na liimbe hilo kapu!"

Nilikohoa, maana kicheko kilikuwa kimenikaba.

"Watazamaji wa sinema hawana subira, dada. Dakika nne za dobi atazikalia nani?"

Mwimbaji alimwinamia sikioni, akauimba kwa kunong'ona. Kondakta aliacha kuita vituo.

"Hivyo hujawahi kuuimba," alisema mwongozaji, sauti imemlegea.

"Jukwaani ningesikiwa na nani?"

Mwongozaji alikuna kidevu. "Haya. Nitakuachia nusu."

Basi lilisimama. Mwongozaji aliinuka kushuka, lakini mwimbaji alikuwa amekwisha kuuziba mlango kwa mwili wake wote.

"Nusu ipi?"