Waliofutwa kwenye Mfereji wa Jordaan

Benchi la Neel muuza kahawa liko mwanzoni mwa daraja, mtaa wa Jordaan, Amsterdam, na wanaolikalia kila asubuhi hawajapata kukubaliana hata juu ya mvua. Siku ile walibishania picha. Lubbert, mchonga picha kwenye mbao za kuchapia, alikuwa ametumia majira yote ya baridi kuuchonga mfereji upitao chini ya daraja hilo: madirisha yenye nguo zilizoanikwa, wachukuzi na magunia yao, na Trijn muuza samaki aina ya mikunga, ambaye kipindupindu kilimchukua kazi ikiwa nusu. Mchapishaji aliikataa. Wanunuzi wake, alisema, wanataka maji na mnara wa kanisa, watu wakwanguliwe. Na kibao kikishakwanguliwa hakirudi. Basi Lubbert aliichukua karatasi ya majaribio, akawapaka watu wote rangi nyeupe ili aone itakavyokuwa.

Gijs mchukuzi, waliyemwita Waziri kwa kuwa husema kama aliyetoka ikulu sasa hivi, aliitazama akaguna.

— Matajiri wanatuogopa. Wakinitundika ukutani, watahisi nitashuka nile jibini yao.

— Wewe ukishuka utaanzia kwenye mvinyo, — alisema fundi viatu waliyemwita Kengele.

Kengele aliona jambo jingine: jiji linataka kuufukia mfereji, na wakubwa wameanza kuwatoa wakazi kwenye picha kabla ya kuwatoa kwenye nyumba. Kufikia kikombe cha pili Waziri alikuwa ameapa kwamba mtaa mzima umeshauzwa kwa Waingereza, na karatasi hii ndiyo ya kuwaonyesha kuwa hauna mtu. Neel alimwambia anywe kwanza.

Lubbert hakucheka. Nyumba yake ilikula kwa mkono wa mchapishaji yule, na kisu cha kukwangulia alikuwa nacho mfukoni, kimenolewa.

Mwanamke mgeni, aliyetoka mashambani kwa mashua kutafuta kazi ya nyumbani, aliagiza kahawa, akainama juu ya karatasi.

— Samahani, baba. Watu wa hapa walipatwa na nini?

Neel alimmiminia kahawa.

Lubbert aliinuka, akakitia kwapani kibao kilichokuwa miguuni pake, akaenda moja kwa moja kwa mchapishaji.

— Uchape na watu wote, au usichape.

Alionyeshwa mlango. Hakubishana, alivuka hadi kwa mchapaji mdogo wa kalenda, wakakubaliana kugawana mauzo, wakachapa kwenye karatasi hafifu. Picha zilinunuliwa darajani, na wengi wa wanunuzi walikuwa wenyewe waliomo ndani.

Mume wa Trijn alikuja mwisho. Alinunua moja, akaisogeza kwenye mwanga.

— Ndivyo alivyokuwa, — alisema. — Kikapu mkono wa kushoto.

Lubbert alimkunjia nakala ya pili, akarudi nyumbani kuanza kibao kingine.